Kulala Makindu kwa Kalasinga

Reli haikufika Wema, kijijini kwetu kwenye Delta ya Mto Tana. Chombo kimoja cha moshi kilichowahi kupita kwenye maji yetu kilikuwa meli ndogo iliyoitwa Kenia, mali ya kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani wakati ule. Kamanda Dundas aliipandisha Mto Tana mwaka 1891 hadi Hameye, huko juu kabisa, kutazama kama mto ungefaa kuwa njia ya biashara ya kwenda bara. Tana una kona zisizohesabika, una visiki, na mafungu yake ya mchanga huhama kila msimu wa mafuriko. Njia kuu ikapita kwingine. Mei 1896 ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa, ukakata nyika ya Taru kuelekea Voi, Tsavo na Makindu, nasi wa Delta tukabaki na mitumbwi.

Hata hivyo nilikua nikisikia habari za reli karibu kila jioni. Baba mdogo aliondoka Wema akiwa kijana, akaajiriwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, akawa fayamani, mchochea moto, kwenye zile injini kubwa za Garratt za kundi la 59. Zilitengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester, zikaanza kuingia nchini mwaka 1955, zote 34, kila moja ikiwa na jina la mlima wa Afrika Mashariki na uzito wa tani zipatazo 250. Kwenye reli ya upana wa mita moja, hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda popote duniani. Baba mdogo alikuwa akikaa nje juu ya mkeka, miguu kainyoosha, anataja stesheni kutoka Mombasa hadi Nairobi bila kuruka hata moja, na akifika Makindu lazima asimame kidogo. "Makindu injini inakunywa maji," alisema, "na sisi tunakwenda kula kwa Kalasinga. Huulizwi pesa. Huulizwi kabila. Unaulizwa kama umeshiba."

Amekwisha fariki, Mungu amrehemu. Injini zake ziliacha kazi mwaka 1980. Nami kwa muda mrefu nilitamani kufika hiyo Makindu, nione kama nyumba aliyoisimulia ingali ikipokea watu au imekwenda njia moja na nyumba nyingine za wasafiri zilizozaliwa na reli.

Kutoka Wema hadi Garsen si mbali, lakini mto ndio unaoamua utakwendaje. Kiangazi unapanda bodaboda na kufika na vumbi mpaka kwenye kope. Mto ukijaa unapanda mtumbwi, ukamwachia mwenye upondo atafute njia katikati ya mashamba ya mpunga yaliyozama. Nilikwenda kiangazi, nikafika Garsen wakati wa magharibi, basi la mwisho la kushuka Malindi likiwa limekwisha ondoka. Nikatafuta loji.

Kama Delta ina stesheni, basi ni Garsen. Kwa miaka mingi barabara ya Lamu ilikatwa hapo na mto, magari yakavushwa kwa kivuko cha kuvutwa kwa kamba. Dereva aliyefika giza limeingia, au aliyekuta maji yamepanda, alilala. Kwa sababu ya kulala huko vikatokea vyumba vya kupangisha, na pembeni ya vyumba zikatokea hoteli za chai, wali na nyama ya mbuzi. Daraja lilipokuja, sababu za kulala hazikwisha. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilivunja barabara na kuwafungia watu pande zote mbili. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mabasi ya Lamu yalisafiri kwa msafara wa polisi, na aliyekosa msafara aliungojea wa kesho. Mwishoni mwa 2023 maji yalikata tena barabara ya Lamu huko upande wa Gamba na Lango la Simba, abiria wakawa wanashushwa ng'ambo moja, wanavushwa kwa boti, wanapanda gari jingine ng'ambo ya pili. Kila jambo linalosimamisha gari hapa huongeza mtu anayehitaji kitanda.

"Mama, chumba kipo?" niliuliza kwenye mlango wa loji niliyoelekezwa.

"Kipo, mwanangu. Unangoja basi la kushuka au la kupanda?"

Hilo ndilo swali la kwanza la mwenye loji wa Garsen, kabla ya jina na kabla ya kitambulisho, kwa kuwa jibu lake linamwambia atakuamsha saa ngapi. Chumba kilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, neti iliyofungwa fundo juu, ndoo ya maji na kata, na msumari mmoja wa kutundikia nguo. Chini walikuwa wakikaanga samaki wa mto. Nililala vizuri, na alfajiri mama yule akagonga mlango mwenyewe, akaniletea chai ya tangawizi na mahamri mawili bila kuyaweka kwenye hesabu. Loji hizi hazimo katika kitabu chochote cha watalii, wala hakuna mtu aliyezipiga picha za kutundika ukutani. Mimi naziheshimu. Ndizo zilizolaza wagonjwa waliokuwa wakikimbizwa hospitali ya Ngao au Malindi, wanafunzi wanaorudi shule, wafanyabiashara wa ng'ombe na wake za askari.

Basi lilitupitisha Minjila, Marereni na Gongoni yenye mashamba ya chumvi, tukavuka daraja la Sabaki, tukaingia Malindi, na jua lilipoanza kupungua tulikuwa Mombasa. Asubuhi nilikwenda Miritini kupanda treni mpya.

Treni hii ya reli pana, inayobeba abiria tangu Juni 2017, ina safari za aina mbili: ya moja kwa moja, na ile ya kusimama njiani. Ya kusimama njiani hupumzika Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Tazama vizuri orodha hiyo. Makindu haimo. Mji uliozaliwa na reli ya kwanza haukupewa stesheni ya abiria kwenye reli ya pili, na mtu wa kwenda Makindu hushuka Kibwezi akatafuta matatu. Nilikaa upande wa dirisha. Tuta la reli mpya ni la juu, limeinuliwa kupita vichaka vya Tsavo ili tembo wapite chini yake, na kutoka pale juu unaiona reli ya zamani ikitokea na kupotea, nyembamba, imelala chini sambamba na ardhi.

Tulisimama Voi dakika chache tu. Abiria wawili watatu walishuka, wengine wakapanda, mlango ukafungwa. Nilikaza macho nje muda wote huo kwa sababu Voi ndiyo iliyokuwa meza ya chakula ya reli ya Uganda. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula. Ziliondoka Mombasa mchana, zikavuka nyika isiyo na tone la maji, zikafika Voi jioni, na hapo kila kitu kilisimama ili watu wale. Shirika la reli lilijenga nyumba za wasafiri kwa mfano wa zile zilizokuwa kwenye barabara za posta za India, na Wahindi na Wazungu wakaziita kwa jina lilelile, daki bangalo. Voi ilikuwa nayo, Makindu ilikuwa nayo, na nyingine zilikuwa mbele kuelekea ziwani. Palikuwa na ukumbi wa meza, baraza ya kukaa, vyumba vya kulala aliyetaka kushuka, taa za mafuta na wahudumu waliovaa kanzu nyeupe. Wasafiri walioandika kumbukumbu zao walizilalamikia sana: supu ya maji, nyama isiyotafunika, vyakula vya mkebe. Kengele ikipigwa waliacha sahani na kukimbilia mabehewani.

Meza zile hazikuwa za kila abiria. Zilikuwa za wenye tikiti za juu, na wenye tikiti za juu walikuwa hasa Wazungu. Abiria wa daraja la tatu, Waafrika na wengi wa Wahindi walioijenga reli yenyewe, walikula walichofungasha kutoka nyumbani au walichonunua dirishani: ndizi, mahindi, mayai ya kuchemsha, miwa. Usiku walilala wameketi, vichwa vimeegemea mabunda. Kwa hiyo hoteli za reli, toka siku ya kwanza, zilikuwa na mlango wa kuingilia watu fulani. Jambo hili ni muhimu kuliko ladha ya supu, na ajabu ni kwamba katika kumbukumbu nyingi za wasafiri wale linapita bila kutajwa.

Na kulala kwenyewe kulikuwa kwa hatari. Wengi wanazijua habari za simba wa Tsavo wa 1898. Wachache wanazijua za Kima, stesheni iliyo mbele ya Makindu ukielekea Nairobi. Juni 1900 simba alikuwa akiwavamia wafanyakazi wa hapo, na ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alilala ndani ya behewa lake pembeni ya njia pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti, wakipanga kumvizia. Ryall ndiye aliyekuwa zamu. Usingizi ukamshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, behewa likainama kwa uzito wake, mlango ukajifunga wenyewe, akabaki ndani na watu watatu. Akamchukua Ryall, akatoka naye dirishani. Behewa lile lipo hadi leo kwenye Jumba la Makumbusho la Reli, Nairobi, na ukisimama ndani yake utaona jinsi nafasi ilivyo ndogo. Mtu akikwambia kwamba nyumba yenye mlango wa kufungika na taa ya kuwaka usiku kucha ilikuwa anasa katika nchi ile, mwonyeshe behewa la Ryall.

Nilishuka Kibwezi saa sita mchana, jua limesimama wima, nikapanda matatu ya Makindu. Ni mwendo mfupi kwenye barabara kuu ya Mombasa, malori mbele na nyuma. Njiani niliwaza hoteli za barabarani tulizokuwa tukizipita, nyingine zimefungwa, vibao vyake vimepauka. Serikali ilipoamua kwamba makontena yapande reli mpya, miji ya barabara hii ililia, kutoka Mariakani hadi Mtito Andei, kwa sababu dereva wa lori ndiye aliyekuwa akinunua chai, chapati na kitanda. Septemba 2022 amri hiyo ilipoondolewa baadhi yake ilipumua. Ni hadithi ileile ya daki bangalo. Zile hazikuvunjwa na moto wala vita. Mabehewa ya chakula yaliingia, abiria akawa anakula treni ikitembea, kitanda chake kikatandikwa mlemle behewani, na hapakuwa tena na sababu ya kusimama Voi saa nzima. Kisha injini za dizeli zikaingia, zisizohitaji maji kila baada ya masafa, na hapakuwa na sababu ya kusimama Makindu hata nusu saa. Kilichokuwa kikiwaleta wageni kilikuwa kiu ya injini.

Nairobi mambo yalikwenda tofauti, kwa sababu Nairobi ilikuwa na pesa. Mayence Bent alianzisha hoteli ya Stanley mwaka 1902, Norfolk ikafunguliwa 1904, zote mbili zikiwapokea watu walioshuka kwenye treni, na zote mbili zipo mpaka leo. Wenye pesa waliendelea kuja kwa gari na kwa ndege. Mji mdogo hauna bahati hiyo. Treni ikiacha kusimama, hoteli yake inakufa, na baada ya kizazi kimoja hata mahali ilipokuwa hapajulikani.

Sasa njoo Makindu.

Kwanza nilikwenda stesheni ya zamani. Reli ipo, imeota nyasi pembeni, na majengo ya reli yana lile umbo linalotambulika kutoka Mombasa hadi Kisumu. Chini ya mti palikuwa na mzee wa Kikamba, mstaafu wa gengi la kutengeneza njia, na aliposikia baba mdogo alikuwa fayamani wa kundi la 59 alinishika mkono mara ya pili.

"Hao walikuwa watu," alisema. "Injini hiyo ikikaribia, unaisikia kwenye miguu kabla hujaisikia kwenye masikio. Baba yako alikuwa wa wapi?"

"Wa Tana, mzee. Wema, karibu na Garsen."

"Tana! Huko si maji matupu? Alifuata nini hapa kwenye mawe?"

Tukacheka, lakini swali lake lina jibu. Makindu pia ni mahali pa maji. Mji uko chini ya vilima vya Chyulu, na maji yanayonyonywa na mawe yale ya volkano huja kutokeza huku chini kwenye chemchemi na vijito. Reli ilipotoka Taru na Tsavo, ambako maji ya wajenzi yalikuwa yakiletwa kwa treni, Makindu ilikuwa mahali pa kutua: kambi, karakana, tangi la injini, nyumba za mafundi. Kutoka hapo kazi iliendelea hadi Nairobi, ikafika Mei 1899, na mwishoni mwa 1901 ikafika ziwani, mahali panapoitwa sasa Kisumu.

Watu zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India kwa kazi hiyo. Karibu 2,500 walifia hapa. Wengi waliobaki hai walirudi kwao mkataba ulipokwisha, na kama 6,700 waliamua kukaa. Kati ya hao walikuwamo Wasingasinga wa Punjab, maseremala, wahunzi na waashi, watu ambao Wakenya wote huwaita Makalasinga. Inasimuliwa Makindu kwamba jioni baada ya kazi walikusanyika chini ya mti kuimba sifa za Mungu, na wenzao Wahindu na Waislamu wa kambi ileile wakaja kukaa nao. Kisha wakajenga kibanda cha mabati. Mwaka 1926 wakajenga hekalu lenyewe, kwa mikono ile ile iliyokuwa ikipiga ribiti za madaraja. Reli ilipowahamishia mafundi wake kwingine, waumini wakapungua, jengo likapita miaka ya upweke, mpaka ndugu zao wa Nairobi na Mombasa walipoanza kulirudia, wakalitengeneza na kulipanua.

"Nenda," yule mzee aliniambia, akinionyesha kwa kidevu. "Usinunue chakula hotelini. Utawakosea."

Hekalu liko kando ya barabara kuu, huwezi kulipita bila kuliona. Lango limefunguliwa. Ndani kuna miti mikubwa ya kivuli, bustani iliyomwagiliwa, na tausi wanatembea kwenye nyasi kama wenye nyumba. Nilivua viatu, nikanawa mikono na miguu, nikachukua kitambaa kutoka kwenye kikapu na kujifunga kichwani. Mlinzi alinitazama tu, akaniambia, "Karibu. Chakula ni upande ule."

Nilikwenda kwanza jikoni, kwa ruhusa, kwa kuwa nilitaka kuona moto. Mama wa Kikamba alikuwa amesimama mbele ya bamba pana la chuma lenye upana wa meza. Upande mmoja kina mama wengine, Wahindi na Waafrika, walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisukuma madonge ya unga, wanayatupa kwenye bamba kabla hayajapoa mkononi. Yeye anayageuza kwa vidole, hana mwiko, anajua kwa macho donge lipi limeingia lini. Chapati ikivimba anaisukuma pembeni, mwingine anaipaka samli kwa kijiko kilichofungwa kitambaa, inatupwa kwenye bakuli lililofunikwa. Hakuna aliyekuwa akihesabu. Kwenye masufuria makubwa palikuwa na dengu zilizopikwa mpaka zikalainika kabisa, mboga za viazi na koliflawa, na wali wa maziwa wenye iliki. Nyama haipikwi humo, ili mtu wa dini yoyote aweze kula bila kuuliza. Waislamu wanakula, Wahindu wanakula, Wasabato wanakula.

Chai ilikuwa kwenye birika lenye bomba, saa zote. Jamaa wa zamu alinieleza kwamba basi likiharibika usiku wa manane na abiria wake wakaja, watapata kula.

Desturi hii haikubuniwa Makindu. Guru Nanak aliianza Punjab miaka zaidi ya 500 iliyopita, kwamba watu wakae chini pamoja, tajiri na maskini, wa tabaka la juu na la chini, wale chakula kimoja. Kule Amritsar hekalu kuu hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku kwa utaratibu huohuo. Lakini fikiria maana yake kwenye reli ya wakoloni. Upande huu wa mji ilikuwapo daki bangalo ya shirika, yenye meza za watu wa daraja la juu. Upande ule fundi seremala na mhunzi, ambao wasingekaribishwa kwenye meza ile, walitandika mkeka sakafuni na kusema kila mtu aje. Fayamani wa Kipokomo mwenye masizi mpaka kwenye nyusi alikuja, akala, akarudi kwenye injini yake.

Nilikaa na sahani ya chuma yenye vyumba. Kushoto kwangu alikuwa dereva wa lori kutoka Garissa, kofia yake ya kufuma imefunikwa na kitambaa cha hekalu. Kulia familia ya Kihindi kutoka Mombasa na watoto wao. Mbele yangu vijana wawili wa sare za kampuni ya ujenzi. Dereva alipojua natoka Garsen alianza kunihesabia madereva anaowajua huko, loji kwa loji, na ile niliyolala aliijua.

Nitasema jambo ambalo nililibeba kutoka nyumbani. Mwaka 2012, kuanzia kijiji cha Riketa mwezi wa Agosti, Delta yetu iliingia katika mauaji ya Wapokomo na Waorma, na katika wiki chache watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo wanawake na watoto wengi. Tuliozoea kupeana maziwa na mahindi, kila mmoja akawa anamtazama mwenzake usoni kabla ya kuingia naye hoteli moja. Yamepoa tangu hapo, watu wanauziana na kununuliana, lakini mimi bado najikuta nikichagua meza. Makindu hakuna meza ya kuchagua. Unakaa nafasi inayofuata, mtu aliyekutangulia ndiye jirani yako, anayekuja nyuma atakuwa jirani yako wa pili. Nilikula nikiwa nimekaa bega kwa bega na mtu ambaye Garsen ningempisha kwa adabu nikaketi kwingine, na kwa dakika zile sikumfikiria kwa kabila hata kidogo. Hilo linawezekana kwa kupangwa vizuri. Mtu aliyepanga nafasi za sakafuni alijua anachofanya.

Wanalaza pia. Vyumba vipo, safi, vya kitanda na godoro na shuka, maji ya kuoga yanatoka. Malipo hayadaiwi. Kuna kisanduku cha sadaka, na anayetaka hutia, asiyetaka haulizwi. Wanachokataa ni tumbaku, pombe na nyama ndani ya uzio, na mgeni akikaa siku nyingi bila sababu huombwa kwa upole awaachie wengine nafasi. Nilipewa chumba cha upande wa bustani. Usiku malori yalinguruma barabarani, na mara moja, nikiwa nusu macho, nilisikia treni ya mizigo ikipita mbali kwenye reli mpya bila kupunguza mwendo.

Asubuhi nilimkuta mzee mmoja wa Kisingasinga akifagia ngazi za hekalu, kilemba cheupe, fagio la vijiti, na nilimwambia habari za baba mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema watu wa mvuke aliwaona akiwa kijana, wanakuja na mikono haisafishiki hata kwa mafuta ya taa, na mama yake alikuwa akiwawekea bakuli la majivu pembeni ya bomba ili wajisugue kabla ya kula. "Wakati ule treni ilitulisha sisi na sisi tuliwalisha watu wa treni," alisema kwa Kiswahili cha Mombasa. "Sasa treni haisimami. Barabara inasimama. Wakiiondoa barabara, watakuja kwa miguu."

Nilimuuliza kama hawaogopi kufilisika. Alinitazama kama niliyeuliza kwa lugha nyingine, akaendelea kufagia.

Nimekuwa nikiifikiria reli ya Lamu tangu hapo. Mradi wa bandari na reli hiyo ulizinduliwa Machi 2012 mbele ya marais na waziri mkuu wa Ethiopia, gati la kwanza la bandari likafunguliwa Mei 2021, na reli ya kwenda Isiolo haijatandikwa bado. Siku itakapotandikwa, mahema ya wajenzi yatasimama mahali fulani kwenye nchi kavu ya nyuma ya Tana, na makampuni yatajenga nyumba za wageni wao zenye viyoyozi. Ninalotaka kulijua ni watakakokula vibarua, na vijana wetu wa Wema, Hewani na Ngao watakaokuwa miongoni mwao.

Anayetaka kufika Makindu kutoka Delta ana njia mbili. Kwa basi la Garissa kupitia Hola atatokea Nairobi, ashuke tena barabara ya Mombasa mpaka Makindu. Kwa Mombasa, apande treni ya kusimama njiani, ashuke Kibwezi, achukue matatu. Au apande basi la usiku amwombe dereva amshushe langoni, wote wanalijua. Avae soksi kama hapendi kukanyaga sakafu ya baridi, aache sigara kwenye gari, na kama ana gunia la mchele wa Wema wa kuwapelekea, jikoni wataupokea.